Kutafuta masafa safi ya maiki zisizo na waya unapokwenda kufanya kazi ya sauti Lamu

Masafa yaliyokutumikia vizuri Nairobi au Mombasa usiyategemee ukishashuka gatini Lamu. Vituo vya televisheni vinavyosikika ni vingine, kuta ni nyingine, na maiki za wenyeji nazo ziko mahali pengine. Habari njema ni kwamba hewa ya Lamu kwa kawaida ina nafasi kuliko ya miji mikubwa. Kwa hiyo sauti ikikatika hapa, mara nyingi chanzo kimekuja ndani ya masanduku yako: maiki zako zenyewe zinazogongana, transmita (kifaa kinachorusha mawimbi) ya spika za masikioni iliyowekwa karibu na antena, au skrini ya LED inayomwaga kelele jukwaa zima. Ndiyo maana kupata chaneli tupu, yaani kipande cha masafa ya televisheni kisichotumika, ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuzipanga maiki ndani ya chaneli hiyo, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Kabla ya kufunga masanduku

Geuza kila risiva (kipokezi cha maiki) na kila transmita usome kibandiko chake. Andika kanda kamili kwa MHz, usitosheke na herufi. Kwa mfano, vifaa vya Sennheiser vya mfululizo wa G4 vya kanda A hufanya kazi 516 hadi 558, G ni 566 hadi 608, B ni 626 hadi 668, na E ni 823 hadi 865. Tatu za kwanza zinaweza kukufaa. Ya nne iache nyumbani.

Sababu ni hii. Kenya iko katika Eneo la 1 la mgawanyo wa masafa duniani, pamoja na Afrika yote na Ulaya. Televisheni za UHF hukaa kati ya 470 na 694 MHz, na kuanzia 694 kwenda juu ni mahali pa mitandao ya simu. Simu ya 4G ya kanda ya 800 hurusha kati ya 832 na 862, yaani mfukoni mwa kila mtu aliyekaa mbele ya jukwaa lako. Mchana uwanja ukiwa mtupu utapima na kuona pako kimya kabisa. Usiku watu mia tano wakiingia na simu zao, kimya hicho hakipo tena. Maiki nyingi za bei nafuu zenye masafa yasiyobadilika huangukia huko juu ya 694, kwa hiyo soma kibandiko kabla hujazitegemea.

Vifaa vilivyonunuliwa Marekani vina mtego wake. Kule chaneli ya televisheni ina upana wa MHz 6. Huku ni MHz 8. Programu ya kupanga masafa ikibaki imewekwa Marekani itakuchorea mipaka ya chaneli isiyo ya kwetu, nawe utaweka maiki ukidhani iko kwenye pengo kumbe iko katikati ya matangazo. Fungua mipangilio, chagua Kenya. Kama haimo, chagua nchi yoyote inayotumia chaneli za MHz 8.

Suala la kibali lishughulikie mapema. Masafa yote nchini yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na vifaa vya redio vinatakiwa viwe vimeidhinishwa nayo. Waandikie kabla ya safari ukitaja mahali, tarehe, kanda na nguvu ya transmita. Ukifanya kazi ndani ya Ngome ya Lamu, ongea pia na ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla hujafunga chochote ukutani, kwa kuwa mji wote wa kale ni urithi wa dunia tangu 2001 na kuta zake hazitobolewi ovyo.

Hesabu ya chaneli

Chaneli 21 inaanzia 470. Ukitaka kujua mwanzo wa chaneli nyingine, toa 21 kwenye namba yake, zidisha kwa 8, kisha jumlisha 470. Chaneli 27: 27 toa 21 ni 6, mara 8 ni 48, jumlisha 470 unapata 518. Kwa hiyo inakaa 518 hadi 526, na kitovu chake ni 522. Ya mwisho ni 48, inayoishia 694. Zote ni 28.

Tangu matangazo ya analogi yazimwe mwaka 2015, stesheni nyingi hupakiwa pamoja ndani ya chaneli moja. Usihesabu stesheni unazoziona kwenye TV ya hoteli ukafikiri hewa imejaa. Stesheni 15 zinaweza kuwa zimekaa kwenye MHz 8 tu.

Kipimo cha kwanza: king'amuzi

Kabla ya kifaa chochote cha bei, omba king'amuzi cha antena (cha dishi hakifai, hicho kinasikiliza setilaiti). Ingia kwenye utafutaji wa mkono, pita chaneli 21 hadi 48 moja moja, ukiandika pembeni nguvu na ubora wa kila moja. Chaneli yenye nguvu na ubora ina mwenyewe, ikwepe. Yenye nguvu bila ubora ina kitu king'amuzi hakikielewi: huenda ni matangazo ya mbali, huenda ni kelele ya umeme. Itie alama ya kuuliza. Zisizo na chochote ndizo unazoanza nazo. Antena ya TV husikia zaidi upande iliyoelekea, kwa hiyo rudia zoezi ukiielekeza Mokowe bara, kisha kusini.

King'amuzi hakioni maiki za watu wengine wala mitandao ya simu. Kwa hayo unahitaji skani, yaani kuchora nguvu ya mawimbi kwenye kila masafa.

Kipimo cha pili: skani

Risiva nyingi nzuri zina skani ndani yake, nayo inatosha kwa maiki mbili tatu. Kwa kazi kubwa zaidi beba kichunguzi kidogo cha mkononi kama RF Explorer au tinySA Ultra. Kidude cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye kompyuta nacho kinafaa, ila kinasoma takriban MHz 2 kwa mara moja, kwa hiyo ni cha polepole, na ule mwiba unaosimama katikati kabisa ya kila kipande ni wake mwenyewe. Usiukimbie.

Weka mwanzo 470 na mwisho 694. Washa hali ya kushika kilele ili kila kinachojitokeza hata kwa sekunde kibaki kimechorwa, kisha uache kikimbie dakika 15. Maiki zako zote ziwe zimezimwa. Antena ya kichunguzi iwe pale pale ambapo antena za risiva zitasimama. Antena ya robo ya urefu wa wimbi kwa 520 MHz ni sentimita 14 na kitu. Antena ya teleskopu ivute kiasi hicho.

Mahali pa kupimia Lamu kuna uzito wa pekee. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, nazo hunyonya mawimbi ya UHF vibaya sana. Ndani ya ua wa Ngome utaona hewa safi ajabu. Panda juu ya paa hapo hapo, na minara ya bara inajitokeza. Ukipima chini na kazi ikawa chini, sawa. Ukipima darini na kazi ikawa chini, umejipunja nafasi kidogo tu, hakuna hasara. Hatari ni kupima uani halafu ukafunga antena darini. Mkunguni, nje ya Ngome, papime kivyake.

Saa nayo ina maana. Baadhi ya misikiti hutumia maiki isiyo na waya, nayo haiwashwi ila wakati wa adhana, khutba au darsa. Skani ya saa nne asubuhi haitaiona. Fanya skani moja inayovuka adhuhuri na nyingine inayovuka isha, na kama shughuli yako inaangukia Ijumaa, pima wakati wa khutba pia. Lililo bora kuliko skani ni kwenda kwa mhudumu wa msikiti ulio karibu, kumwamkia na kumwomba akuonyeshe risiva yao. Masafa yameandikwa nyuma. Ukishayajua, yaache yawe yao. Wakati wa Maulidi pale Msikiti wa Riyadha, waulize pia mafundi wengine wote waliokuja, maana kila kundi lina masanduku yake, na karatasi moja ya pamoja huokoa ugomvi mwingi.

Skani ya usiku ina faida nyingine. Bahari ikitulia na hewa ya juu ikawa na joto kuliko iliyo karibu na maji, mawimbi ya UHF hufuata uso wa bahari na kusafiri mbali kupita kawaida. Chaneli iliyokuwa tupu mchana inaweza kujaa matangazo ya mji ulio zaidi ya kilomita mia moja kusini. Kama shughuli ni ya usiku, skani ya usiku ndiyo inayotawala.

Kusoma ulichokiona

Televisheni ya dijitali huonekana kama meza: juu bapa, pembeni wima, upana karibu MHz 7.6. Maiki ni sindano nyembamba, yapata kHz 200. Kelele ya skrini ya LED au chaja mbovu haina umbo la meza wala sindano; huinua sakafu yote (kiwango cha kelele cha chini kwenye mchoro), au husimamisha miiba mingi iliyoachana sawasawa, na hukua kadiri unavyokisogelea chanzo. Washa skrini, pima. Izime, pima tena. Tofauti ya mistari miwili ndiyo uchafu wake.

Tafuta sehemu ambayo sakafu iko chini ya −90 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo dhaifu). Maiki ya miliwati 10 ikiwa mita 30 bila kizuizi hufika kwenye risiva kwa karibu −46 dBm. Mwili wa mvaaji na kichwa cha jirani vinaweza kula desibeli 20 kati ya hizo. Hapo bado unabaki na nafasi ya kutosha juu ya kelele. Sakafu ikiwa −75, mtu akigeuka mgongo nafasi hiyo inakaribia kwisha.

Kupanga maiki zisizaliane

Transmita mbili zikikaribiana, au zote zikiingia kwa nguvu kwenye risiva moja, huzaa masafa mengine ambayo hakuna aliyeyawasha. Hesabu yake ni mara mbili ya moja, toa ya pili. Maiki za 518.200 na 518.700 huzaa 517.700 na 519.200. Ukiwa umeweka maiki ya tatu 519.200 kwa kufuata nafasi sawa za kHz 500, umeiweka juu ya mtoto wa zile mbili. Zikiwa tatu, kuna uzao mwingine: ya kwanza jumlisha ya pili, toa ya tatu. Maiki nne huzaa masafa 24 ya aina hizi mbili. Nane huzaa 224.

Kosa la kawaida kuliko yote, basi, ni kuachanisha maiki sawasawa. Linaonekana nadhifu kwenye karatasi na ndilo linaloua sauti.

Dawa ni mapengo yasiyofanana, wala jumla za mapengo zisifanane. Chukua hatua ya kHz 400. Kwa maiki nne, mapengo yawe hatua 1, kisha 3, kisha 2. Ukianzia 519.000 unapata 519.000, 519.400, 520.600 na 521.400. Jaribu kuzidisha na kutoa zote: hakuna uzao unaoikaribia maiki yoyote chini ya kHz 400. Kwa maiki tano mapengo ni 1, 3, 5, 2. Kwa sita ni 1, 3, 6, 2, 5, na zote zinaingia ndani ya chaneli moja ya televisheni: ukianzia 518.600 zinazofuata ni 519.000, 520.200, 522.600, 523.400 na 525.400. Chaneli 27 imetumika hapa kwa ajili ya hesabu tu. Anzia pale skani yako ilipoonyesha nafasi tupu.

Usichukue mpangilio huo huo ukaurudia kwenye chaneli ya pili ili upate maiki kumi na mbili. Mapengo yakijirudia, pengo la kundi la pili likijumlishwa kwenye maiki ya kundi la kwanza linakuangusha juu ya maiki nyingine ya kundi hilo hilo. Zaidi ya sita, tumia programu. Wireless Workbench ya Shure ni ya bure, inakubali faili za skani na inakokotoa yote. Makundi yaliyopangwa tayari ndani ya risiva nayo ni salama, mradi maiki zote zitoke kundi moja. Kuchanganya mbili za kundi la 1 na mbili za kundi la 4 kunaondoa faida yote.

Transmita ya spika za masikioni iweke mbali na maiki kwa chaneli moja nzima ya televisheni au zaidi, na antena yake isimame angalau mita 3 kutoka antena za risiva. Hiyo hurusha bila kupumzika, tena mara nyingi kwa nguvu zaidi.

Kuwasha moja moja

Transmita zote zikiwa zimezimwa, washa risiva zote uzitazame taa za mawimbi. Yoyote inayowaka bila transmita yake imekaa juu ya kitu, ihamishe. Kisha washa transmita ya kwanza na uiache imewaka. Tazama risiva zilizobaki. Washa ya pili, tazama tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Halafu zima moja moja kwa zamu: risiva yake ikibaki na mawimbi, huo ni uzao wa zile zilizobaki hewani.

Zoezi hili usilifanye maiki zikiwa zimelazwa bega kwa bega juu ya kasha. Transmita zilizogusana huzaliana kwa nguvu isiyo ya kweli, nawe utahamisha masafa yaliyokuwa mazuri. Ziachanishe mita moja moja au wape watu wazishike.

Halafu tembea. Mtu avae maiki kiunoni, apite kila mahali msemaji atakapopita, na ageuze mgongo kwa antena. Mtazamaji wa risiva aandike mahali taa inaposhuka. Antena mbili za risiva ziwe juu ya vichwa, zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni, zimeachana kama mita moja, na zimuone mvaaji bila ukuta katikati. Paa la makuti makavu halikusumbui. Mabati hurudisha mawimbi na kuacha mashimo ya ukimya unaposogea hatua moja. Ukuta wa Lamu usijaribu kuupita: peleka antena upande wa pili kwa kebo. Kebo nyembamba ya RG-58 hula karibu desibeli 4 kwa kila mita 10 kwenye 500 MHz, kwa hiyo mita 20 za kebo hiyo ni hasara kubwa. Tumia RG-213, iliyo nene zaidi, au ya aina hiyo. Kebo ya TV ya ohm 75 si ya kazi hii, lakini ukikwama inapitisha, kwa kuwa kutolingana kwake na ohm 50 za vifaa vya maiki kunapoteza kidogo sana kuliko kebo nyembamba ndefu. Shida ni kupata viunganishi.

Dalili na visababishi

Maiki ya analogi ikianza kuvuma na kukwaruza huku taa ya mawimbi iko juu, kuna kitu kingine juu ya masafa yako. Ikivuma huku taa imeshuka, mvaaji yuko mbali au mwili umeziba. Maiki ya dijitali haivumi. Hukata tu, kwa hiyo taa ndiyo shahidi wako pekee. Sauti ya mtu mwingine ikisikika kwenye spika zako wakati wa adhana, hukumuuliza mhudumu wa msikiti. Kukatika kunakoanza pale tu jenereta au skrini inapowashwa ni kelele ya umeme: sogeza antena mbali na chanzo kabla ya kubadili masafa, maana uchafu huo mara nyingi umetapakaa kanda nzima na utaukuta kila unapohamia. Skwelchi (kizuizi cha risiva kinachonyamazisha sauti mawimbi yakiwa dhaifu) ipandishe kidogo tu. Ukiipandisha sana unaficha mvumo huku ukijinyima mita nyingi za umbali.

Maiki za 2.4 GHz zinatosha kwa mahojiano ya mita chache barazani. Mbele ya umati usizitegemee: nyumba za wageni za kijiji cha Shela zimejaa Wi-Fi, na miili ya watu hunyonya masafa hayo kupita UHF.

Ukifuata mashindano ya majahazi, inua antena ya gatini mita 3 au zaidi na uielekeze kwenye chombo, kwani maji hurudisha mawimbi yanayokuja kugongana na yale ya moja kwa moja. Mpe mtangazaji aliye chomboni kinasa sauti kidogo mfukoni, kirekodi muda wote. Tanga na watu vikikaa katikati, hakuna masafa safi yatakayokuokoa.

Chumvi ya bahari hula viunganishi vya antena (BNC) haraka. Vivushe ndani ya mfuko usiopitisha maji pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na uvifute kwa kitambaa kikavu kila jioni. Kiunganishi chenye ukungu wa kijani hufanya antena nzuri ionekane kama masafa mabaya.

Acha masafa mawili ya akiba yaliyokokotolewa pamoja na mengine tangu mwanzo, usiyatafute wakati wa dharura. Kwenye karatasi ya kazi andika mahali hasa antena iliposimama, tarehe, saa ya skani, chaneli zilizojaa, masafa ya msikiti na ya mafundi wengine, kisha ubandike nakala moja kwenye miksa. Kazi ikihamia Shela siku ya pili, anza upya kutoka kwenye king'amuzi.